Chura wa matete anaimba wapi Nairobi, na kwa nini bwawa lako halimvutii

Ukiingia msitu wa Karura kumtafuta chura wa mtini huku umeinua shingo kwenye matawi, utatoka mikono mitupu. Huyu ninayemwelezea hapa, chura wa matete, Hyperolius glandicolor, ana vifaa vyote vya kupandia: ncha za vidole zilizopanuka na kunata, miguu myembamba, mwili mwepesi usiozidi sentimita tatu na ushei. Lakini hapandi mvule wala muhugu. Hupanda tete, ndago, na nyasi ndefu zilizosimama ndani ya maji au hatua chache kutoka majini. Vitabu vya zamani humwita Hyperolius viridiflavus, kwa hiyo ukikutana na jina hilo kwenye orodha za vyura wa Nairobi usidhani ni mwingine.

Msitu ana haja nao, ila si kwa kukalia. Kivuli kikishafunga juu, ndago hazioti, na pasipo ndago yeye hayupo. Anachopewa na msitu ni maji yanayodumu. Mvua inayopigwa na majani ya mikinduri na mithiga hufika chini polepole, hupenya kwenye majani yaliyooza, kisha hutoka wiki nyingi baadaye kwenye chemchemi za bonde. Kijito kisichokauka katikati ya Februari ndicho kinachomwezesha chura kuwa na mahali pa kurudi mvua ikianza. Vita vya Wangari Maathai na wenzake vya 1998 na 1999 vya kuzuia Karura isikatwe viwanja vinakumbukwa kwa ajili ya miti; mimi naona kilichookolewa kikubwa zaidi ni mabonde yaliyo katikati ya miti hiyo, yale yenye tope ambayo hakuna anayeyapiga picha. Ukiangalia zile zaidi ya hekta 1,000 kwa jicho la chura, sehemu inayomhusu ni utepe mwembamba kando ya vijito na pale penye bwawa la yungiyungi.

Tuanze na kumtambua, maana hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Rangi haitakusaidia sana. Chura mmoja anaweza kuwa wa kahawia mwenye mistari miwili myepesi inayoshuka ubavuni, mwingine amejaa madoa na michoro, na wote wawili ni aina moja. Wachanga huanza na ile kahawia yenye mistari. Majike wakikomaa hubadilika wakavaa michoro ya watu wazima. Madume baadhi hubadilika, baadhi hubaki na vazi la utotoni maisha yao yote. Ndiyo maana mtu hurudi na picha mbili akisema ameona aina mbili. Isitoshe, juani ngozi yake hupauka hadi ikawa karibu nyeupe.

Angalia mambo matatu badala ya rangi. Kwanza jicho: mboni ya Hyperolius imelala, yaani ni mstari wa kwenda kushoto na kulia. Ukikuta mboni iliyosimama, kama kule Shimba Hills pwani, basi uko na Leptopelis au Afrixalus, jenasi nyingine. Pili, sehemu za ndani za mapaja na vidole, ambazo kwake huwa na wekundu au uwaridi unaofichika akikunja miguu. Tatu, koo la dume: lina kipande cha ngozi kilichojikunja, na akiimba hutanuka likawa puto linalokaribia ukubwa wa mwili wake wote. Usiku, hilo puto jeupe linalopanda na kushuka ndilo utakaloliona kwa tochi kabla hujaona chura mwenyewe.

Kuhusu kule kupauka, si pambo. Jamaa zake wa savana za Afrika Magharibi wamechunguzwa sana kwa jambo hili. Wao huvumilia kiangazi kizima wakiwa wamekaa wazi juu ya bua kavu, juani, bila kujichimbia. Chembe za ngozi zenye fuwele huongezeka na kurudisha mwanga, na fuwele hizo zimetengenezwa kwa taka za naitrojeni ambazo chura mwingine angezitoa kwa mkojo. Yaani mnyama huhifadhi maji kwa kutokojoa, kisha taka iliyobaki akaigeuza mwavuli. Huyu wetu wa Nairobi hana haja ya kufika mbali hivyo, lakini mchana utamkuta vilevile: miguu imekunjwa chini ya tumbo, macho yamefumbwa nusu, amebanana na tete kwenye jua ambalo chura mwingine yeyote angekuwa amelikimbia. Usimmwagie maji kwa huruma. Hajakwama.

Sauti yake ni mlio mfupi mkali, "ti!", kijiko kikigonga glasi tupu. Mmoja huanza, wa pili hujibu, na ndani ya dakika chache bwawa zima linalia kiasi kwamba walio karibu hulazimika kuinua sauti. Usimchanganye na Kassina senegalensis wa nyasini, anayetoa mlio mmoja unaopanda, "kwoip", kisha akanyamaza, na ambaye hutembea badala ya kuruka. Wale wenye ngozi ya vipele, Sclerophrys, hukoroma kwa sauti nzito kutoka ukingoni. Na chura wa makucha, Xenopus, hukaa majini muda wote na huimba huko huko chini, kwa hiyo hutamsikia.

Saa nzuri ni kati ya saa moja na nusu na saa nne usiku, siku mbili tatu baada ya mvua nzito, Machi hadi Mei au Oktoba hadi Desemba. Joto lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Usiku wa Julai wa nyuzi 10 au 12, hata bwawa lililojaa vyura linaweza kuwa kimya, na mtu akaandika "hawapo". Upepo mkali nao huwanyamazisha.

Tatizo la Nairobi ni kwamba saa za chura na saa za askari wa getini haziendi pamoja. Misitu ya jiji hufungwa jioni, wakati chura ndiyo kwanza anasafisha koo. Kuingia usiku kunahitaji kibali cha wasimamizi, na hupatikana kwa urahisi zaidi mkiwa kikundi chenye kiongozi wa msitu. Mabwawa ya ndani ya Nairobi National Park yasahau usiku. Yana viboko, na nyati hawaangalii kitambulisho. Ondiri kule Kikuyu, linakoanzia Mto Nairobi, ni mahali pazuri sana kwa masikio, lakini baki kwenye ukingo mgumu. Sehemu kubwa ya lile linaloonekana kuwa ardhi ni mkeka wa mimea unaoelea juu ya maji yenye kina. Unatikisika ukiukanyaga, na ukipasuka hakuna cha kushika. Ukiendelea kupanda kuelekea Limuru na Tigoni, ukishavuka mita 2,000 hivi, unaingia kwa ndugu zake wa nyanda za juu: Hyperolius montanus na Hyperolius cystocandicans, huyu wa pili akiwa ameelezwa kisayansi mwaka 1977. Wote wawili hawapatikani popote duniani nje ya Kenya. Mtu wa Nairobi anaweza kuwafikia kwa matatu, jambo ambalo naona hatulijui vya kutosha.

Namna ya kumpata anayeimba

Ukifika, wote watanyamaza. Zima tochi, simama, usisogeze hata mguu kwa dakika tatu hadi tano. Mmoja atashindwa kuvumilia. Usimkimbilie, sauti yake hukudanganya umbali, na mtu mmoja peke yake hukosea kwa mita nzima. Muwe wawili. Mmoja asimame upande huu wa matete, mwingine pembeni, kiasi kwamba mistari yenu ya kutazama ikutane kwa pembe mraba. Kila mmoja, gizani, anyooshe mkono kuelekea sauti inakotoka. Kisha washeni tochi kwa pamoja mkifuata mikono yenu: chura yuko pale miale miwili inapokatana, kwa kawaida sentimita 20 hadi 80 juu ya maji, kichwa kikielekea juu au nje kwenye uwazi.

Tochi iwe ya kichwani na mwanga upunguzwe. Mwanga mkali ukimpiga usoni atajiangusha majini na kazi imeisha. Piga picha tatu: ubavu, jicho kwa karibu, na koo. Flashi moja au mbili zinatosha.

Usimshike. Najua wengi watamshika hata hivyo, basi angalau jua kinachomuua: ngozi yake hunywa chochote kilicho mkononi mwako. Losheni, mafuta ya jua, na zaidi ya vyote dawa ya kufukuza mbu. Kama utakwenda kwenye bwawa Mei bila dawa ya mbu utajuta, kwa hiyo paka shingoni na miguuni kwa mkono uliovaa glavu, kisha vua glavu hiyo. Kumkamata na kumpeleka nyumbani ni suala jingine: sheria ya wanyamapori ya 2013 haibagui ukubwa wa mnyama, na bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, uko upande mbaya wake.

Ukitaka kuchangia kitu chenye faida, hesabu kwa masikio. Kaa dakika tano mahali pale pale na uandike namba moja kati ya nne: 0 kama hakuna anayeimba, 1 kama sauti zinahesabika na haziingiliani, 2 kama zinaingiliana lakini bado unaweza kukadiria ni wangapi, 3 kama ni kelele moja isiyokatika. Ongeza saa, joto, na kama mvua ilinyesha. Rekodi dakika moja kwa simu, uishike mbali na jaketi lako, maana nailoni inayosuguana huharibu rekodi kuliko upepo. Kutembelea sehemu moja mara kwa mara kuna maana kuliko kuzunguka sehemu kumi mara moja moja. Picha na sauti ziweke kwenye iNaturalist, tovuti ya kurekodi viumbe, zikiwa na mahali sahihi.

Viatu, na kuvu isiyoonekana

Kuna kuvu ya majini inayoitwa Batrachochytrium dendrobatidis inayoshambulia ngozi ya vyura, na kwa kuwa chura hutumia ngozi kunywa na kupumua, mgonjwa hufa moyo ukisimama. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha imeenea sehemu nyingi za Kenya. Xenopus anaweza kuibeba bila kuugua. Basi gambuti zilizotoka tope la Ondiri asubuhi zisiingie Tigoni jioni zikiwa mbichi.

Utaratibu wenyewe ni rahisi na watu huukosea kwenye hatua ya kwanza. Sugua tope lote kwa brashi kabla ya dawa, kwa sababu klorini hujimaliza kwenye tope na haifiki kwenye kuvu. Kisha changanya sehemu moja ya Jik, ile dawa ya klorini ya kufulia, na sehemu tisa za maji, loweka nyayo na neti kwa dakika 10 hadi 15, suuza kwa maji safi, na umwage yale machafu kwenye udongo mkavu mbali na mto. Dawa hiyo hiyo huua viluwiluwi. Kama huna haraka, kukausha kabisa juani hufanya kazi, ila "kabisa" maana yake hadi kwenye mishono. Gambuti iliyokauka nje na yenye unyevu ndani haijakauka.

Bwawa la nyumbani

Sasa lile swali la wenye ploti Karen, Kitisuru, Runda na kwingineko: tumechimba bwawa zuri, kijito hakiko mbali, mbona chura haji?

Nitajibu kwa kukisia ulivyojenga. Fundi alikushauri zege, kuta zikasimama wima, ukaweka samaki wa rangi, ukapanda nyasi fupi hadi ukingoni, na taa inawaka usiku kucha. Kila kimoja kati ya hivyo kinachangia kumzuia.

Samaki ndio kikwazo cha kwanza. Jike hutaga mamia ya mayai ndani ya maji, yakishikamana na mimea iliyozama. Tilapia, kambale, samaki wa dhahabu, hata gapi wadogo wanaowekwa kula mbu, wote hula mayai na viluwiluwi. Hakuna idadi ya samaki iliyo ndogo kiasi cha kufaa. Chagua kimoja. Kuta za wima zenyewe hazimsumbui huyu, kwani hupanda hata kioo. Kinachomsumbua ni kwamba kwenye kuta hizo hakuna kinachoota. Zege jipya pia hutoa chokaa majini, kwa hiyo kama tayari umejenga, jaza na umwage mara tatu au nne, ukiacha wiki kati, kabla ya kupanda chochote.

Kwa anayeanza, mita tatu kwa mbili zinatosha. Upande mmoja uteremke taratibu, kila sentimita moja ya kushuka kwa sentimita tatu za kwenda mbele, na pande nyingine ziwe na ngazi yenye kina cha sentimita 10 hadi 15 ya kuwekea mimea. Sehemu ya kina zaidi iwe sentimita 60. Tandika magunia ya zamani au mchanga, kisha damlaina, ile plastiki ya kutandikia bwawa, ya unene wa nusu milimita. Ile nyembamba ya milimita 0.3 hutobolewa na mzizi au jiwe mwaka huo huo. Kipimo chake ni urefu wa bwawa, ongeza kina mara mbili, ongeza sentimita 60 za kukunja ukingoni. Hivyo kwa bwawa hili ni mita 4.8 kwa 3.8. Juu ya damlaina weka sentimita tano za udongo maskini wa chini, si ule mweusi wa shamba na kamwe si samadi. Udongo wenye rutuba hugeuza maji kuwa supu ya kijani. Kama kuna watoto wadogo nyumbani, weka uzio au wavu mgumu chini kidogo ya uso wa maji kabla ya kujaza.

Jaza kwa maji ya paa. Ya bomba yaache siku tatu klorini itoke. Panda ndago na mafunjo kwenye vikapu, vichaka vitano au sita, zikifunika karibu nusu ya ukingo. Typha, yale matete yenye vichwa vya kahawia, hutawala bwawa dogo ndani ya misimu michache, kwa hiyo usiyapande. Gugu maji usiliguse hata ukipewa bure. Kisha acha nyasi za ukingoni zikue hadi gotini kwa upana wa mita moja na nusu. Chura hulala humo na kuwinda humo, na wachanga wanaotoka majini huhitaji mahali pa kuingia haraka.

Maji lazima yadumu miezi mitatu mfululizo. Viluwiluwi kwenye maji baridi ya Nairobi huchukua muda, na bwawa likikauka wiki ya saba umepoteza kizazi kizima.

Mbu watakuja wiki za kwanza. Hapo ndipo watu hukata tamaa wakarudisha samaki. Subiri. Wadudu wa majini na lava wa kereng'ende hufika wenyewe, na mbu hupungua. Ukilazimika, tumia ile dawa ya bakteria inayoitwa Bti, inayolenga lava wa mbu, wala si mafuta taa juu ya maji. Dawa za magugu zenye glaifoseti ziwe mbali: sabuni iliyochanganywa ndani yake ili ishike kwenye majani ndiyo huua viluwiluwi. Taa ya usalama ibadilishe iwe ya kuwaka mtu akipita.

Wenye ng'ombe nao wasikie. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, ndiyo, lakini ng'ombe huyo akishakunywa huondoka akiwa amekanyaga ndago zote. Mpe sehemu moja ya kunywea yenye mawe, na uzungushie waya kwingine.

Usibebe mayai wala viluwiluwi kutoka kwingine ili kuharakisha mambo. Unahamisha kuvu, na unahamisha pia vyura wasio wa bonde lako. Kama kuna kijito au kinamasi chenye vyura karibu, na katikati kuna ua wa mimea badala ya ukuta mrefu na lami tupu, watakuja wenyewe usiku wa mvua. Kama hakuna, hawatakuja, na bwawa lako litakuwa la kereng'ende, ambalo pia si hasara.

Ndago zikizidi, kata theluthi moja tu kwa mara, Januari au Agosti, sentimita 30 juu ya maji, na uyaache majani uliyokata ukingoni kwa siku mbili ili waliomo watoke. Mkataji wa nyasi aelezwe hilo mapema, kwa maneno na kwa kamba iliyofungwa kuonyesha mpaka, kwa sababu akija mwenyewe na mashine Aprili atamaliza kila kitu kabla ya saa nne asubuhi.